Kurasa Sita Kabla ya Kaburi

Mama yangu alikufa Jumapili alfajiri, muadhini akiwa hajamaliza, na ilipofika saa tatu na nusu nilikuwa nimesimama mbele ya dirisha la mhasibu wa hospitali nikitajiwa bei yake.

"Mungu amrehemu, Haji," alisema yule mhasibu macho yakiwa kwenye karatasi zake. "Elfu tatu na mia nne. Dola mbichi."

Mbichi ni zile noti zinazotoka nje ya nchi, unazoweza kuzishika na kuzikunja. Mimi nina dola elfu arobaini na moja nilizozichuma Kuwait kwa miaka kumi na tisa, nikitengeneza mashine za kufulia za watu. Hadi leo zimeandikwa jina langu katika benki iliyo mtaa wa pili kutoka hospitali ile, hapa Tripoli. Hizo si mbichi. Ni tarakimu kwenye kitabu. Hospitali haizitaki, mwokaji mikate hazitaki, na mwenye jenereta anayetuuzia umeme akizisikia hucheka mpaka anakohoa.

"Nipe karatasi ya kumtoa," nikamwambia. "Pesa nitaleta kesho. Mimi ni Bahjat, Abu Nazih. Niulizie Qubbe nzima."

"Kila anayekuja hapa ana mtaa wake, Haji. Pesa kwanza. Na usiniletee zile dola nyeupe za toleo la zamani, sizipokei. Nafunga saa nane."

"Ukishafunga?"

"Kesho saa mbili asubuhi."

"Na yeye?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Yuko kwenye friji. Haharibiki."

Nimetukanwa na polisi, na makarani, na meneja wa benki aliyekuwa ananing'iniza tai shingoni wakati sisi tunapiga masufuria nje kudai akiba zetu. Hakuna aliyewahi kunitukana kama huyo aliyekuwa ananifariji.

Mama yangu, Hajjati Nadhmia, alikuwa mwosha maiti. Aliwaosha wanawake waliokufa Qubbe kwa miaka arobaini. Ukija kumwita, saa yoyote, huuliza swali moja tu: "Kafa saa ngapi?" Kisha anaanza kuhesabu sala kwa vidole. Aliyekufa alfajiri alizikwa adhuhuri. Aliyekufa adhuhuri alizikwa alasiri. Miaka ya vita, wadunguaji wakiwa juu ya mapaa, alivuka barabara ya Syria na beseni lake kichwani kwa sababu binti mmoja alikuwa amelala ndani tangu asubuhi na hakuna aliyethubutu kumfikia. Alikuwa akisema maiti ana haki moja tu iliyobaki duniani, nayo ni haraka. Na friji aliichukia. Katika siku zake kumi na moja za hospitali aliniambia mara nne, akinishika mkono: "Bahjat, usije ukaniweka kwenye barafu kama samaki wa bandari ya Mina."

Kwa hiyo siku ile nilikuwa na kazi moja. Kumtoa kabla ya saa nane, aoshwe, aswaliwe alasiri, alazwe ubavuni mwa baba pale makaburini Bab al-Raml jua likiwa bado juu. Nyumbani, wanawake wawili aliowafundisha kazi walikuwa wameshachemsha maji, wameponda majani ya mkunazi na karafuu maiti. Dada yangu Wafika alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha friji tangu alfajiri, amekataa kuketi.

Nikampigia ndugu yetu Rafat, aliye Sydney. Alilia kidogo, akajifuta, akauliza, "Ngapi?"

"Elfu tatu na mia tano, pamoja na ada ya huku."

"Kaka, leo Jumapili. Huku kumefungwa, na huko kumefungwa."

"Tuma kwa ile njia yetu," nikasema. "Ile haina Jumapili."

Sasa hapa lazima nijiseme, maana nimezoea kuwasema wenzangu hadharani. Njia ile mimi ndiye niliyeihubiri. Benki zilipotufungia milango na akiba zetu ndani vuli ile ya 2019, nilikuwa mstari wa mbele wa maandamano. Na mimi sikuanza kukumbuka siku ile. Nakumbuka lira yetu ilivyoanguka miaka ya themanini, baba akauza cherehani yake asubuhi na jioni bei ile haikununua hata sindano. Nakumbuka majina ya waliotajirika mwaka ule na nakumbuka wajukuu wao sasa wanasomea wapi. Basi nikakaa miezi minane na simu yangu iliyopasuka kioo, nikisoma habari za bitkoini peke yangu, bila mwalimu, hadi nikaelewa. Nikasimama kahawani nikawaambia watu: hii haina meneja, haina bosi, haina mlango wa chuma wa kukufungia. Dakika kumi tu, pesa imetoka Sydney imeingia Tripoli. Rafat nikamshurutisha aweke akiba yake humo. Akaweka.

Nieleze kwa ufupi, kama nilivyowaeleza wao. Bitkoini ni daftari moja ambalo dunia nzima ina nakala yake. Kila dakika kumi ukurasa mmoja hujazwa na kufungwa, na ukurasa una nafasi chache. Anayeujaza, mchimbaji wanavyomwita, hujichagulia wa kumwandika, naye humchagua aliyeahidi ada nono. Ukurasa wenye malipo yako ukifungwa, huo ni uthibitisho wa kwanza. Kila ukurasa unaofungwa juu yake ni uthibitisho mwingine, na kila mmoja humfanya aliyekutumia ashindwe zaidi kukugeuka. Ila zile dakika kumi ni wastani. Wastani wa nini na nini, kahawani sikusema. Dakika kumi ilipendeza zaidi mdomoni.

Saa nne na nusu nilikuwa kwa Adib.

Adib ana chumba ghorofa ya pili karibu na uwanja wa Tall, juu ya duka la halawa ya jibini. Chini wanauza utamu, juu anauza subira. Unamtumia bitkoini, anakupa dola mbichi, anakata mbili kwa mia. Ukutani amebandika karatasi kwa maandishi makubwa: UTHIBITISHO SITA. USIULIZE. Nilimjua tangu zamani. Huyu alikuwa karani wa dirisha namba tatu katika benki ile iliyokula miaka yangu kumi na tisa.

"Karibu, Abu Nazih. Pole na msiba, nimesikia."

"Umesikia, basi fanya haraka."

"Haraka mimi ninayo, ndugu yangu. Daftari ndilo halina."

Akanipa anwani, nikamtumia Rafat kwa wasapu, na kabla kahawa haijapoa Rafat akajibu: imekwenda. Adib akageuza skrini niione. Malipo yetu yalikuwa pale, na mbele yake sifuri.

Dakika kumi zikapita, sifuri. Ishirini, sifuri. Wafika akapiga simu, nikamwambia iko njiani. Saa tano na nusu ikagonga na ile sifuri iko pale pale, inanitazama.

"Foleni leo imefurika," Adib akasema, akikuna shavu. "Malipo laki nne yanasubiri."

"Laki nne! Watu gani hawa wote, Jumapili?"

"Wananunua vyura."

"Vyura?"

"Picha za vyura, Haji. Na sarafu za mzaha zenye sura ya chura. Wiki nzima wamejaza kurasa na mzaha wao, wanalipa ada kama wendawazimu." Akasogea karibu na skrini. "Lakini na nyinyi... Ndugu yako kalipa ada ngapi hapa?"

Nikampigia Rafat. "Ulilipa ada kiasi gani?"

Akaniuliza kama nimekula.

"Rafat."

"Waliniwekea bei tatu, kaka. Ya haraka dola ishirini na mbili. Ya kati kumi na tatu. Ya polepole moja na nusu."

"Ukachukua ipi?"

"Na wewe ungechukua ipi? Pesa ni ile ile, inakwenda mahali pale pale!"

Miaka thelathini ameweka vigae kwenye mabafu ya watu wa Sydney, lakini mkono wake bado ni wa sokoni kwetu. Hapa mtu akikutajia bei tatu, ya juu ni dharau, ya kati ni mtego, na ya chini ndiyo mnaanzia maneno. Sijawahi kumwona mtu wa Tripoli akilipa bei ya juu kwa hiari yake, na angeilipa, mama yake mwenyewe angemcheka. Rafat alichukua ya chini akangoja mwenye duka amrudie na punguzo. Kule hakuna mwenye duka. Kuna daftari, nalo lilimwacha mlangoni.

"Kaka, ungeniambia," akasema.

Ningemtukana, lakini mama alikuwa mama yake pia.

Wakati huo mlango ukafunguliwa, akaingia mtu mnene mwenye funguo za gari kubwa mkononi. Huyu namfahamu. Ni dereva wa mjumbe mmoja wa bodi ya ile benki. Hakusalimu. "Tayari?" akauliza, na Adib akafungua droo bila hata kutazama skrini, akamtolea mabunda matatu ya dola za buluu, zile za toleo jipya, bado na utepe.

Alipokwisha kutoka nikauliza, "Huyo uthibitisho wake ulikuwa wa ngapi?"

"Abu Nazih, tafadhali."

"Nauliza tu. Karatasi ukutani inasema sita."

"Inasema pia usiulize. Kuna watu na watu. Yule akiniibia najua anapokaa."

"Na mimi hujui ninapokaa? Mama yangu kamwosha shangazi yako!"

Hilo lilimgusa, nikaona. Akatazama pembeni. Adhana ya adhuhuri ikaingia dirishani, na nikajua msikitini kwetu watu wameshajipanga wakitegemea jeneza. Nikampigia imamu, nikamwambia alasiri, inshallah. Nilikuwa sijawahi kumwahirisha maiti. Katika nyumba yetu hilo neno halikuwepo.

Sasa, katika ile miezi minane ya kusoma nilikuwa nimejifunza dawa ya ugonjwa huu. Malipo yanayosubiri unaweza kuyatuma upya yale yale, kwa ada kubwa zaidi, na yale ya mwanzo yanatoweka. Mchimbaji akiona ada mpya anayanyakua. Nikampigia Rafat. "Kuna kitufe cha kuongeza ada. Kibonyeze. Weka arobaini."

"Dola arobaini?"

"Rafat, wallahi nitakuja huko kwa miguu."

Akabonyeza. Nilitakiwa nimwambie Adib kwanza. Sikumwambia, kwa sababu nilikuwa nimemkasirikia yule dereva, na nilitaka nimwonyeshe Adib kwamba mtengeneza mashine za kufulia anaijua kazi hii kuliko karani.

Adib akaruka kitini kama ameguswa na waya. "Imefutwa! Malipo yenu yamefutwa! Mnanichezea?"

"Tulia, tumeongeza ada..."

"Kuongeza ada! Mwezi uliopita alikuja mmoja wa Zgharta na hadithi hiyo hiyo. Nikampa elfu mbili, yeye akayageuza malipo yakarudi mfukoni kwake. Nje, Abu Nazih! Msiba wako nauheshimu, lakini nje!"

"Yatazame mapya, mtu wewe! Anwani ni yako ile ile!"

Robo saa nzima tulibishana, mimi nikichora kurasa na mishale juu ya boksi la halawa, yeye akinishuku mpaka ukucha. Mwisho akayapata, akayasoma mara tatu, akakaa. "Sawa. Lakini tunaanza upya. Sifuri."

Saa saba kasoro dakika kumi ukurasa ukafungwa na malipo yetu yakiwemo. Moja. Nikapiga meza kwa furaha kama mpumbavu. Nikahesabu: kurasa tano zilizobaki, dakika kumi kumi, hizo ni hamsini, saa nane kasoro dakika ishirini nimepata pesa, teksi dakika kumi na tano, mhasibu bado yupo. Nikamwambia Wafika aite gari la jeneza.

Kisha dakika kumi zikapita bila ukurasa. Kumi na tano. Ishirini. Hakuna ada inayoweza kusukuma hapo, kwa sababu hapo unangoja bahati za mashine zilizo Marekani na Kazakhstani na sijui wapi, zinazobahatisha namba gizani. Moja ikipata baada ya dakika mbili ni sawa, ikipata baada ya saa nzima ni sawa. Wastani unabaki ule ule. Wastani haukuwa na maiti.

Adib alikuwa akinitazama ninavyotazama saa. Akafunga mlango polepole.

"Sikiliza, Abu Nazih. Moja imeingia. Ninaweza kukupa sasa hivi."

"Mungu akuzidishie."

"Lakini nabeba hatari mimi. Nikupe elfu tatu kamili. Zinazobaki ni zangu."

Mia tano. Kwa sababu ya karatasi aliyoibandika mwenyewe ukutani, ambayo kabla ya adhana ya adhuhuri dereva hakuihitaji. Elfu tatu zilipungua mia nne kwenye deni la hospitali, na nilikuwa na dakika hamsini. Mtu mwenye akili angezichukua, akakimbia, akaomba njiani. Nitasema ukweli, na sijausema mahali pengine: sikuifikiria ile mia nne hata kidogo. Nilimfikiria yeye. Nililiona dirisha namba tatu.

"Unakumbuka Novemba ile?" nikamwambia. "Nilikuja kwako na kitabu changu. Nikasema nipe mia mbili, mke wangu anafanyiwa upasuaji wa jicho. Ukasema njoo kesho. Nikaja kesho. Ukasema njoo Alhamisi. Siku kumi na nne, Adib! Na kila siku ulikuwa na shati hilo hilo na uso huo huo. Leo umetoka dirishani umepanda ghorofani, na bado unauza kesho! Tofauti ni kwamba siku zile ulikuwa mwizi wa kuajiriwa, sasa umejiajiri!"

Wateja wawili waliokuwa wanangoja kwenye ngazi walikuwa wamesukuma mlango, wanasikiliza. Mmoja akasema, "Mwambie, Haji!" Na mimi nikisikia hivyo, ni kama mlevi aliyeongezewa glasi. Nikapanda sauti. Nikataja benki, nikataja bodi, nikataja dereva na gari lake. Nikasema sitatoa hata kirshi moja kwa mwizi juu ya maiti ya mama yangu, nitangoja sita zake zote, na dunia itaona.

Adib aliniacha nimalize. Alikuwa mweupe mdomoni.

"Umemaliza? Sasa nikukumbushe na mimi. Mshahara wangu nao ulifungiwa mle mle. Nilikuwa nakuja kazini kwa miguu, nasimama pale dirishani kwa sababu meneja alijificha, na nyinyi mnanipigia mimi masufuria. Siku ya mwisho ulinitemea mate, Abu Nazih. Hapa." Akajigusa chini ya jicho. "Hiyo umeisahau? Mimi nimeiosha mara mia."

Nilikuwa nimeisahau. Mimi, ninayekumbuka bei ya cherehani ya mwaka themanini na saba. Ikanirudia yote kwa pamoja, hata sauti yake.

"Basi utangoja sita," akasema, akaketi, akageuza skrini ielekee kwangu. "Na sasa hata ukinipa elfu, ni sita."

Wa pili ukaingia saa saba na nusu. Wa tatu ukafuata dakika nne baadaye, harakaharaka, mpaka nikaanza kuamini tena. Halafu kimya. Saa nane kasoro kumi Wafika akapiga: mhasibu anapanga karatasi zake. Saa nane kasoro tano akapiga: amesimama. Nikamwambia amzuie. Nikasikia kwenye simu akimwambia, "Baba yangu, ngoja kidogo, kaka yangu anakuja, tafadhali ngoja kidogo," na sauti ya mwanamume ikijibu kwamba yeye pia ana watoto wanaomngoja mezani. Kisha nikasikia dirisha likishuka.

"Wamefunga," Wafika akasema.

Wa nne uliingia saa nane na dakika tisa.

Nilibaki. Ningeondoka kwenda wapi? Nilikaa kwenye kile kiti, harufu ya sukari ya moto ikipanda kutoka chini, mpaka wa sita ulipofungwa, saa tisa na dakika sita. Adib akahesabu noti mbele yangu mara mbili, elfu tatu mia nne na thelathini, za buluu zote. Hatukuagana. Nikashuka ngazi na pesa za mama yangu kifuani, halali, zimethibitishwa mara sita na dunia nzima, na hazikuweza kufungua mlango mmoja wa friji. Nilienda hospitali hata hivyo. Mlinzi aliniruhusu nilitazame dirisha.

Nyumbani wale waosha wawili walikuwa wamechemsha maji mara ya tatu. Niliposema kesho, mkubwa wao aliinuka, akamwaga beseni kwenye mfereji wa uani, akajifunika shela yake na kutoka. Msikitini waliswali alasiri, wakatawanyika.

Tulimzika Jumatatu adhuhuri. Hospitali iliongeza dola ishirini na tano za friji. Adib alikuja mazishini. Ndiyo desturi, hata adui anakuja. Akasimama kwenye foleni ya mkono wa pole, akanipa mkono, nikaupokea, kwa sababu siku hiyo mkono haukataliwi. Ulikuwa mkono wa kawaida.

Siku ya tatu wageni walipopungua, Wafika alikuja kuketi nami sebuleni. Alikuwa ameingia kuosha pamoja na wale wawili.

"Mikono yake haikukunjika," akasema. "Tulitaka kuiweka kifuani. Ilikuwa migumu kama ubao. Tulimmwagia maji ya vuguvugu, tukamkanda, tukamwomba radhi. Yeye alikuwa akituambia maiti wa friji huwa hivyo, unakumbuka? Alikuwa akisema huyo kafanyiwa uvivu."

Nikatazama kikombe changu.

"Wanasema huko Tall yule Adib alitaka kukupa mapema."

"Alitaka kuniibia mia tano."

"Kwa hiyo zilizopungua zilikuwa ngapi?"

"Mia nne. Jumapili, Wafika! Mia nne mbichi ningezitoa wapi Jumapili mchana? Acha hayo. Wale ni wale wale, tangu siku za baba..."

Alinyoosha mkono akauvuta mkono wa gauni lake jeusi hadi kwenye kiwiko. Zilikuwepo bangili tatu, za dhahabu, za mahari yake, ambazo hajawahi kuzivua hata mwaka tuliokula dengu tupu.

"Nilikuwa nimesimama mlangoni kwa mama na hizi mkononi," akasema. "Mhasibu yule alikuwa akizitazama kila nilipomwendea. Tuliongea kwa simu mara ngapi siku ile? Mara ngapi, Bahjat? Hukuniuliza."

Akashusha mkono wa gauni, akainuka, akaenda kukusanya vikombe vya kahawa.